Tutembee Butembo kabla ya kuitafsiri Gdańsk

Mwezi uliopita, katika somo la tafsiri, tulipewa karatasi ya Kifaransa tuigeuze Kiswahili. Ilikuwa tangazo la watalii: matembezi ya saa mbili na nusu, kwa miguu, katika mji wa kale wa Gdańsk huko Polandi, pamoja na kiongozi anayeijua historia ya kila nyumba, na mwishoni kuonja aina tatu za likeri. Karatasi yenyewe haikufika hata ukurasa mmoja. Tulidhani tutaimaliza kabla ya mapumziko.

Tulikwama kipindi kizima. "Visite guidée" ilipita haraka kama "matembezi ya kuongozwa", ingawa mwenzetu mmoja aliuliza, na alikuwa na haki, kwa nini wanaoongozwa wawe matembezi na si watembeaji. "Dégustation" ndiyo iliyoleta vita. Wengine waliandika "kuonja". Wengine wakasema kuonja ni kazi ya mpishi anayetafuta chumvi, si ya mtu aliyelipa fedha yake. Kisha likaja neno lenyewe, "liqueur". Mmoja aliandika "pombe tamu ya viungo". Mwingine, anayetoka upande wa Kasindi, aliandika "waragi ya sukari", na darasa zima likacheka. Mimi niliandika "kanyanga iliyotiwa viungo na sukari". Mhadhiri alipiga mstari mwekundu chini ya neno kanyanga, akaandika pembeni: "Likeri. Neno lako ni la mtaani."

Silipingi neno likeri. Ni mkopo wa kawaida, silabi zake zimekaa sawa, na ndilo nitakalolitumia hapa. Ninachopinga ni sababu. Likeri ni pombe iliyokenekwa, ikatiwa sukari na matunda au mitishamba. Kanyanga ni pombe iliyokenekwa. Kwa upande wa maana sikuwa mbali. Kilichonikosesha alama ni hadhi: pombe ya Gdańsk ina mji, ina nyumba ya zamani na ina kiongozi wa kuieleza, na ya kwetu ina mtaa tu.

Ndiyo maana naandika. Nataka kitivo chetu kiweke matembezi ya kuongozwa ya mji wa Butembo, pamoja na kituo kwa mama mmoja anayepika kasiksi, ndani ya somo la utafiti wa lugha, na yaje kabla ya zoezi la tafsiri.

Nilirudi nyumbani nikasoma habari za Gdańsk, kwa hasira kidogo, nikakuta mambo ambayo tangazo lile halikusema. Mji huo Wajerumani waliuita Danzig. Vita Kuu ya Pili ilianzia hapo, kwenye ngome ya Westerplatte, tarehe 1 Septemba 1939. Kufikia 1945 sehemu kubwa ya mji wa kale ilikuwa kifusi. Wakaaji wengi waliokuwa wakisema Kijerumani waliukimbia au walifukuzwa, na Wapolandi wakaja kukaa, wengi wao wakiwa wamehamishwa kutoka kwingine. Nyumba zile nzuri ambazo mtalii anaonyeshwa zilijengwa upya baada ya vita. Na ile pombe yake mashuhuri, Goldwasser, yenye vipande vyembamba vya dhahabu vinavyoelea ndani ya chupa, inayohesabiwa umri wake tangu 1598? Baada ya vita utengenezaji wake ulihamia Ujerumani. Yaani watu waliondoka, nyumba zilianguka, chupa ilihama, na bado mtalii wa leo anaweza kusimama katika mji ule na kuambiwa jina la kinywaji, mwaka wake na vinavyotiwa ndani. Kulikuwa na mtu aliyeandika.

Hapo nilimkumbuka nyanya yangu. (Msomaji wa Tanzania asome "bibi", huku kwetu ukisema "bibi yangu" umekwisha kuoa.) Yeye alipika kasiksi upande wa Mbau, juu ya Beni, kwa miaka ambayo haihesabu. Ada ya shule ya mama yangu ilitoka katika mtungi ule. Mauaji yalipoanza katika eneo la Beni, Oktoba 2014, alikataa kuondoka. Aliondoka baadaye, usiku, na leo anakaa nasi Butembo katika chumba kisicho na uwanja wa nyuma. Migomba yake bado iko kule, kama iko. Kutoka Beni hadi hapa ni kilomita 54 tu, lakini kwa mtu aliyeacha shamba la migomba ni nchi nyingine.

Nilimwomba anieleze kazi yake hatua kwa hatua. Nilichukua daftari, nikaandika kwanza maneno ya Kiswahili niliyoyajua: kuvundika ndizi, kukamua, kuchuja, kutia unga wa mtama uliokaangwa, kufunika, kungoja. Nilijiona nimefika. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa Kinande: ndizi zako umezivundika wapi, katika shimo au juu ya moto? Kumbe ni vitenzi viwili tofauti, na mtu aliyezoea hupambanua kwa ulimi kasiksi ya shimo na kasiksi ya moshi. Kukamua nako kuna jina moja kwa mikono na majani makavu, jina lingine kwa miguu. Maji ya ndizi yana jina kabla ya mtama kuingia, yanapata jina lingine usiku wa kwanza, na la tatu yakianza kutoa sauti. Ndiyo, sauti: kuna kitenzi cha kasiksi inayosema ndani ya mtungi. Vitenzi hivyo sitaviweka hapa. Toni za Kinande zikiandikwa ovyo ni aibu kwa kitivo, na zaidi ya hayo nataka mtu atoke darasani akavisikie mwenyewe.

Wahadhiri wetu wanajua kwamba Kinande si lugha isiyojulikana duniani. Mutaka na Hyman waliandika mwaka 1990 katika jarida la Phonology juu ya urudufishaji wake, Mutaka akatoa kitabu kizima juu ya toni zake mwaka 1994, na katika sintaksia Kinande kinatajwa na watu ambao hawajawahi kufika Lubero. Najivunia hayo. Lakini angalieni TFC zetu: nomino na viambishi vyake, kitenzi na viambishi vyake, toni ya kitenzi, halafu tena nomino. Tunaijua mifupa ya lugha kuliko nyama yake. Nyanya yangu akifa kesho, sheria ya urudufishaji itabaki salama katika maktaba ya mbali, na kitenzi cha kasiksi inayosema kitazikwa naye.

Mtu atasema hayo ni majina ya ulevi tu. Waangalie majirani zetu, waone jina linavyofanya kazi. Nchini Uganda sheria ya mwaka 1965 iliiita pombe ya kienyeji iliyokenekwa "enguli" na kuwataka waikenekao wawe na leseni. Enguli hiyo ikasafishwa kiwandani, ikatiwa katika chupa yenye jina "waragi", na leo inasimama kwenye rafu za hoteli. Kinywaji ni kilekile kwa asili, ila jina moja lilikwenda polisi na lingine likaenda dukani. Nchini Kenya chang'aa ilikuwa marufuku mpaka sheria mpya ya vileo ya mwaka 2010 ilipoiruhusu kwa masharti. Nchini Tanzania mwenye gongo amekimbizwa na mgambo, wakati mwenye Konyagi, jina lililotoka katika konyaki ya Wafaransa, hulipa kodi na kutangaza biashara. Na huko Materuni, chini ya Kilimanjaro, wageni wanapelekwa kwa miguu mashambani, wanaonyeshwa kahawa na maporomoko ya maji, wanaonjeshwa mbege ya ndizi na ulezi, na wanalipa. Mbege na kasiksi ni binamu. Moja ina kiongozi wa wageni. Nyingine ina mstari mwekundu.

Matembezi ninayoyafikiria hayahitaji gari. Tuanzie Rue Kinshasa asubuhi, maduka yakifunguliwa, tusome vibao: Kifaransa cha mwenye duka, Kiingereza cha katoni zilizotoka Dubai na Guangzhou, Kiswahili cha bei, Kinande cha matusi ya wapakuzi, Lingala ya askari anayepita. Mahali pamoja, lugha tano, na hakuna anayekosea ipi ni ya nani. Kisha tuteremke hadi mto Kimemi, tuwaulize wanaofua nguo wanaziitaje sehemu za mto. Miguu ikiwa bado ina nguvu, twende Katwa, ambako kituo cha kutibu Ebola kilichomwa moto Februari 2019. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari wakati huo. Ugonjwa ule, tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020, uliua watu zaidi ya 2,200 katika eneo letu, na uliacha maneno: "riposti" ikawa jina la watu, la magari na la mshahara kwa pamoja. Tuliacha kupeana mikono, na kwetu tuliacha kunywa kasiksi kwa kupokezana kibuyu kimoja. Kila mtu alikuja na kikombe chake cha plastiki. Ugonjwa uliisha na vikombe vikabaki. Namna ya kumkaribisha mgeni kwenye kibuyu, ambayo ilikuwa maneno ya kusemwa na kujibiwa, wadogo zangu hawaijui.

Kituo cha mwisho kiwe kwa mama mpika kasiksi. Pale tukae saa nzima.

Najua pingamizi. La kwanza ni usalama, na sitalipuuza. Tangu Mei 2021 jimbo letu liko chini ya hali ya dharura ya kijeshi, na kundi la wanafunzi wenye daftari na vinasa sauti linaweza kuulizwa maswali kwenye kona ya kwanza. Basi tuombe ruhusa, twende mchana, tubaki mjini. Beni sisemi twende sasa. Kutembeza watu katika mitaa ambako familia bado zinahesabu wafu wao, kisha kuwaonjesha kitu, lingekuwa tusi, na Gdańsk wenyewe hawakuanza kuonjesha watalii kifusi kikiwa bado cha moto. Lakini wapishi wengi wa Beni wako hapa Butembo, katika vyumba kama cha nyanya yangu. Hao hawahitaji kungoja amani ili waulizwe.

La pili ni pombe yenyewe. Kuna wenzetu ambao imani yao haiwaruhusu hata tone, na kuna wengine, tuseme kweli, ambao hawahitaji kitivo kiwape sababu ya kunywa. Kanyanga isiingie kabisa: ikikenekwa vibaya inaweza kuwa na methanoli, na methanoli inapofusha na kuua, huo si mchezo wa utafiti. Kasiksi ionjwe kwa kikombe kidogo na anayetaka. Asiyetaka apewe maji ya ndizi kabla ya mtama, ambayo ni matamu kuliko soda, na yana jina lake la kuandikwa pia. Hapo, kwa njia, ndipo nilipoelewa "dégustation". Kuonja si kunywa kidogo. Ni kunywa ukiulizwa unaonaje, na ukiwa na maneno ya kujibu. Mhadhiri wangu alikuwa na haki kudai neno halisi. Tulitofautiana tu juu ya mahali pa kulitafuta.

La tatu ndilo linalonisumbua zaidi, na halikutoka kwa mhadhiri. Nilipomweleza nyanya mpango huu, kwamba wanafunzi ishirini watakuja na daftari kumsikiliza akipika, hakufurahi kama nilivyotegemea. Alinitazama akasema, kwa Kiswahili cha hapa, ili nisijifanye sikuelewa: "Munaandika maneno yangu, na ndizi nani atanunua?"

Sikuwa na jibu siku ile. Tulihesabu pamoja jioni: mkungu wa ndizi kutoka sokoni, kwa kuwa shamba hana, unga wa mtama, kuni, mtungi wa kuazima, siku tatu za kazi yake. Matembezi ya Gdańsk yalikuwa na bei iliyochapwa chini ya karatasi, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona ajabu. Nimeyaweka mahesabu ya nyanya katika barua niliyoipeleka kwa katibu wa kitivo, pamoja na orodha ya wanafunzi kumi na wanne waliokubali kuchanga. Mwenye kutaka kuongeza jina lake anione kabla ya Ijumaa, maana ndizi za kuvundika hununuliwa mapema, na nyanya ameshauliza kama kwetu tutapata mahali pa kuchimba shimo.