Korongo wa Nyayo na marubani wa Wilson

Ndege amegonga ndege. Ukiisema hivyo mtaani watu watacheka, ju Kiswahili kimetupa neno moja la vitu viwili, na mpaka useme "ameigonga" ndio tujue nani ana manyoya na nani ana propela. Kwa rubani wa ndege ndogo hiyo sentensi haina utani, na leo nataka tuongee kuhusu Wilson.

Wengi wetu story hii tunaijua kupitia New York. Januari 15, 2009, bata bukini waliingia kwa injini zote mbili za Airbus, rubani Sullenberger akaitua kwa mto Hudson na watu wote 155 wakatoka hai. Hollywood ikafanya filamu. Poa. Lakini pale mbele walikuwa marubani wawili, na mmoja wao alikuwa amerusha ndege miaka mingi kuliko umri wangu. Sasa mweke mwanafunzi wa miaka 21, peke yake, kwa Cessna ya injini moja.

Kuna jamaa nilisoma naye sekondari, sai anasomea urubani pale Wilson. Mzee wake aliuza shamba ndio karo ipatikane. Majuzi nilimuuliza ni nini humtia baridi akiwa peke yake juu, nikidhani atasema mawingu ama upepo. Akaniambia, "Ni wale marabu, buda. Upepo angalau hutabiriwa."

Mimi niliacha campus mwaka wa pili, kwa hivyo fizikia yangu ni ile ya Form Four, lakini hapa inatosha. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kugonga inaongezeka mara nne. Korongo mkubwa wa marabu anaweza kufika kilo 9. Kumgonga ukiwa kwa kilomita 160 kwa saa ni kama mtu akudondoshee huyo korongo kutoka juu ya KICC. Ndege kubwa za abiria, kisheria, lazima kioo chao cha mbele kistahimili ndege wa karibu kilo 2. Cessna ndogo kama za mafunzo hazina sharti hilo. Na ajali nyingi za aina hii hutokea chini, wakati wa kupaa au kutua, pale ambapo rubani hana urefu wa kujipanga. Injini ikizima futi 300 juu ya Wilson, chini yako kuna mabati ya Kibera, nyumba za Lang'ata, ama simba wa mbuga. Chagua.

Sasa hao korongo wanatafuta nini mjini? Simama rondabauti ya Nyayo, kama kilomita 2 tu kutoka Wilson, uangalie juu ya ile migunga. Wanalala pale, wanazaa pale, wanapaka magari yenu chokaa bure. Jua likishapasha hewa wanapanda nayo pole pole bila hata kupiga mbawa, wanaenda kazini. Kazini ni jalalani. Dandora ilitangazwa kwamba imejaa mwaka 2001, na hadi leo malori yanaingia. Mwongozo wa shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, unasema majalala yakae kilomita 13 mbali na viwanja vya ndege. Dandora haifiki hata kilomita 10 kutoka JKIA. Na sijagusa zile rundo ndogo za kila mtaa, na mifupa ya buchari inayoachwa kwa mtaro usiku.

Kuna wale husema suluhu ni rahisi, wawekewe sumu. Wacheni. Chakula kikibaki, wengine watakuja tu. Na sumu haichagui: tai wa Rüppell sai yuko kwa orodha ya ndege walio karibu kabisa kutoweka, na mizoga yenye sumu ni sababu kubwa. Kukata miti ya Nyayo nako ni kuwahamisha kitanda, si kuwanyima chakula.

Nakubali kuna hatari ambayo hakuna mtu wa kulaumiwa. Januari 10, 1959, Michael Grzimek, Mjerumani wa miaka 24, alikuwa akirusha ndege yake ndogo yenye milia ya punda milia huko Serengeti, akihesabu wanyama. Aligongana na tai, akafa. Kaburi lake liko ukingoni mwa Ngorongoro. Huko tai alikuwa kwake. Rubani anayeruka juu ya nyika anajua ameingia kwa nyumba ya nani.

Lakini Nairobi sisi ndio tumewaandalia meza, halafu tukamwambia kijana wa watu apite katikati ya wageni. Sheria ya taka ya 2022 ishaipa kila kaunti kazi ya kuweka vituo vya kuchambua taka. Ningependa City Hall ituambie kituo cha karibu na Wilson kiko wapi, na kama hakipo, kinajengwa lini.

Wiki ijayo natoka na kamera usiku, kuanzia Nyayo hadi Lang'ata, kufuata mabaki ya buchari yanaenda wapi. Kama una buchari upande huo na uko tayari kuongea, nitumie ujumbe. Uso wako sitauonyesha.