Na Aliyeshika Kamera Je?

Mwezi huu naanza na kisa cha nyumbani kwangu, na tafadhali usinicheke.

Jumapili moja ya mvua nilikaa na mume wangu tukipitia picha za fungate yetu kule Zanzibar. Mimi niko Mji Mkongwe. Mimi niko ufukweni. Mimi nakula pweza Forodhani. Mimi tena, jua linazama nyuma yangu. Nikamtania, "Hivi wewe tulikwenda wote kweli?" Akanijibu taratibu, "Mke wangu, kamera ilikuwa mkononi mwa nani?"

Nikanyamaza. Picha zaidi ya mia mbili, yeye yumo kwenye tatu tu, na moja kati ya hizo nimemkata kichwa!

Nikakumbuka picha moja iliyozunguka dunia nzima mwaka 2024, wakati wa Olimpiki ya Paris. Mashindano ya kuteleza kwenye mawimbi kwa ubao hayakufanyika Paris, yalifanyika Teahupo'o, kisiwani Tahiti, zaidi ya kilomita 15,000 kutoka huko. Tarehe 29 Julai, Gabriel Medina wa Brazil alitoka kwenye wimbi lililompa alama 9.90 kati ya 10, akaruka hewani kidole juu, ubao wake umesimama wima pembeni kama pacha wake. Si unaikumbuka? Watu waliiweka kwenye status zao, na jina la Medina likafika hata kwa wasiowahi kuuona ubao wa mawimbi. Lakini wangapi waliuliza imepigwa na nani?

Ilipigwa na Jérôme Brouillet, Mfaransa aliyekuwa akiishi hukohuko Tahiti na aliyelijua vizuri wimbi lile. Alikuwa kwenye boti, upande wa nyuma wa wimbi, hamwoni Medina kabisa. Ilibidi akisie tu atachomoka wapi na lini. Medina alipochomoka, Brouillet akapata picha nne, na moja kati ya hizo ndiyo hiyo. Wapo waliosema ni bahati. Bahati gani hiyo inayomkuta mtu yuko mahali pake, macho kwenye kamera, kidole tayari?

Tena yeye alikuwa na boti. Wenzake wengi hushuka majini wenyewe, bila ubao, wana mapezi ya mpira miguuni na kamera ndani ya kasha lisilopitisha maji. Mpiga picha anaogelea mpaka pale wimbi linapovunjika, anasubiri mcheza mawimbi apite karibu naye kabisa, anapiga, halafu anazama ili wimbi limpite juu. Mara nyingi chini yake kuna mwamba. Anaweza kukaa hivyo saa mbili, tatu, na arudi nyumbani bila picha hata moja ya maana. Zamani za filamu ndiyo ilikuwa balaa: picha 36 zikiisha, unaogelea mpaka nchi kavu, unakausha mikono, unabadilisha mkanda, unarudi tena majini.

Na si mchezo. Februari 2005 Jon Mozo, mpiga picha wa Hawaii, alifariki akiwa majini na kamera yake kwenye wimbi la Pipeline. Aliacha mke na watoto. Ndiyo maana siku hizi nikiona picha nzuri ya wimbi, namfikiria na yule aliyebaki nyumbani anaangalia saa.

Lakini hii ni safu ya wapendanao, siwezi kukuacha na huzuni tu. Hukohuko Hawaii, mwaka 2007, mke wa Clark Little alitaka picha nzuri ya kupamba ukuta wa chumba chao cha kulala. Mume wakati huo alikuwa akifanya kazi kwenye bustani ya mimea. Badala ya kununua picha, akachukua kamera, akaingia kwenye mawimbi yale yanayopasukia mchangani, ambayo aliyazoea tangu ujana wake. Leo picha zake za wimbi lililojikunja kama pango la kioo zinajulikana duniani, na mwaka 2022 alitoa kitabu, The Art of Waves. Yote yalianzia kwenye ukuta wa chumba cha kulala! Kina kaka, mmesikia?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Basi na mpiga picha wa kwao atunzwe. Ukiipenda picha ya kijana wa mtaani kwenu, iwe ya mawimbi, ya ngalawa au ya harusi yako, usiikate jina lake pembeni ndipo uiweke kwako. Liandike. Ukitaka kuitumia kwenye biashara yako, mwombe na umlipe. "Nitakutangaza" hailipi kodi ya nyumba wala hainunui lenzi. Na ukikutana naye, mwambie ni picha ipi iliyokugusa. Neno hilo ni dogo, lakini wengi wao wanamaliza mwaka mzima hawajalisikia.

Na nyumbani je? Katika kila nyumba yupo mmoja asiyeonekana kwenye picha. Ndiye anayekuambia "sogea kidogo, mwanga uko huku", ndiye anayebeba mkoba wako na viatu vyako ili wewe upendeze. Usipoangalia, miaka itapita, watoto watafungua albamu na kuuliza, "Baba alikuwa wapi?"

Mimi Jumapili ileile nilimnyang'anya simu nikamwambia asimame dirishani. Masikini, hakujua hata mikono aiweke wapi! Nimepiga picha kumi na moja. Tisa hazifai. Mbili nimeshazisafisha, na moja iko ukutani chumbani kwetu.

Tukutane mwezi ujao.