MPE SHOSHO UZI



Mwaka jana niliitwa kwa nyumba moja hapa Ruiru, upande wa Kimbo, nikamwombee mama mzee aliyeacha kuongea. Alikuwa amefiwa na mumewe huko Murang'a, kijana wake akamleta kwake, ghorofa ya nne. Kutoka asubuhi ni yeye na televisheni. Mke wa kijana alimpenda kweli, hakumruhusu hata aoshe kikombe. "Pumzika, mama. Umefanya kazi ya kutosha." Ndugu mmoja akaninong'oneza, "Pastor, hii ni roho, inataka maombi ya ukombozi."

Tukaomba. Tuliomba kwa mafuta na kwa sauti, majirani wa ghorofa ya tatu ni mashahidi. Nilipokuwa natafuta viatu vyangu mlangoni nikaona vidole vyake. Vilikuwa vinasokota ncha ya leso, vinaachilia, vinasokota tena. Nikamuuliza, "Cucu, ulikuwa unasuka viondo?"

Akaniangalia, akasema, "Uzi uko wapi?"

Dada mmoja wa kanisa alimnunulia uzi wa katani sokoni Thika. Wiki za kwanza alikuwa anasuka na kufumua. Halafu akaanza kuhesabu, kwa sababu kiondo chenye mistari ni hesabu tupu, ukikosea mshono mmoja rangi inakuumbua. Leo ukikaa naye atakueleza vile mamake alitoa nyuzi kwa maganda ya mugio, akazisokota juu ya paja, akazipaka rangi za miti. Watoto wa ploti wanakaa chini kumsikiliza. Magoti bado yanamuuma, na jina la kitinda mimba wa kijana wake bado linampotea. Lakini anaongea, na akikosea mstari anagombana na huo mstari, si na watu.

Sasa niseme ya moyoni. Sisi makanisa tumewapa wazee vitu viwili, kiti cha mbele na maombi. Tukisoma Zaburi 92:14, kwamba mwenye haki huzaa matunda hata uzeeni, tunapiga makofi, halafu tunarudi nyumbani na kuwanyang'anya kila kitu mkononi. Nani alisema matunda ni maombi peke yake? Soma Kutoka 35:25-26. Hema la Bwana lilihitaji wanawake wa kusokota nyuzi, na Neno linaita ule ujuzi hekima.

Wako wanaoniambia, "Pastor, akili ya mzee haishiki kitu kipya." Mtafute Rosemary Karuga. Alizaliwa 1928, akasomea sanaa Makerere, wa kwanza kati ya wanawake, halafu akafundisha shule miaka mingi. Ni baada ya kustaafu, akikaribia miaka 60, ndipo kazi yake kubwa ilianza. Rangi hakuwa na pesa ya kununua, kwa hivyo alikata karatasi za sabuni na pakiti za unga, akazibandika zikawa wanawake, kuku, watu wa kijijini. Alifanya kazi hiyo pale Paa ya Paa, kando ya Kiambu Road, hapa karibu tu. Picha hizo zilifika hadi New York. Alifariki 2021 akiwa amepita miaka 90. Fikiria mtu angemwambia apumzike!

Na tafadhali, tusikimbilie bei. Kiondo cha kwanza cha yule mama kilipoisha, chama kizima kilikuwa tayari na M-Pesa. Akakataa. Alikuwa amekisukia mjukuu anayeingia chuo. Akitaka kuuza, auze, ni haki yake. Lakini ukigeuza kila kitu biashara utamwongezea mzee bosi, na mabosi amekuwa nao maisha yote.

Akina guka pia nawaona, msijifiche. Kuna mmoja wetu wa Makongeni, alifanya kazi kiwandani Thika miaka thelathini. Siku hizi anachora mashine yake kwa biro nyuma ya kalenda za zamani, kila mkanda na kila bolti. Mjukuu wake aliniambia ndiyo mara ya kwanza ameelewa guka alikuwa anafanya nini.

Kwa hivyo Jumapili hii, baada ya ibada ya pili, usimharakishe shosho kwa matatu. Tutakuwa na meza nyuma ya kanisa: katani, sufu za rangi, sindano za vitambaa, karatasi na gundi. Mwenye kalenda za zamani alete, guka anamaliza zake. Vijana, mnakaribishwa, lakini mtakaa upande wa kufundishwa. Chai iko.

Mbarikiwe. Niandikieni hapa chini mama au baba yako alikuwa anatengeneza nini kwa mikono, na aliacha lini.