Maneno ya Jill na Ulimi wa Mfasiri

Nina ugomvi na wafasiri wa sinema, na kwa kuwa nami ni mfasiri, ugomvi wenyewe unaanzia nyumbani.

Katika mabaraza yetu ya fasihi, kila yanapozuka mazungumzo juu ya sinema kongwe za Magharibi, hasa zile za makauboi, hukumu hutolewa upesi: zimemdhalilisha mwanamke, basi. Wengine hujibu kwa upesi uleule kwamba enzi zile ndivyo zilivyokuwa, tusizipime kwa macho ya leo. Hao wa pili siwaafiki, na nitasema kwa nini. Lakini hata hao wa kwanza wamesahau kuuliza: sisi tulizisikia kwa ulimi wa nani?

Swali hilo nililiokota Bahi. Wasomaji wa pwani huenda wanaijua kwa kupita na treni tu: mji mdogo wa stesheni, magharibi ya Dodoma, katika nchi ya Wagogo. Kuna mbuga, vumbi, ng'ombe, na kile kinamasi ambacho mvua zikiwa njema watu hulima mpunga, na zikikosekana hubaki ardhi iliyopasuka. Mtu akitaka kutengeneza sinema ya kauboi pale, hana haja ya kujenga kitu. Mwaka 2008 niliingia katika kibanda umiza kimoja: mabati juu, mabenchi ya mbao, jenereta ikinguruma nje. Kijana mwenye kipaza sauti alikuwa akifasiri papo kwa papo filamu ya Sergio Leone ya mwaka 1968, Once Upon a Time in the West.

Ungedhani hadithi ile ilitungwa kwa ajili ya Bahi. Jill McBain anashuka kwenye treni, wala hapana wa kumpokea. Anafika nyumbani kwa mumewe na kukuta mume na watoto wake watatu wameuawa. Kisa ni maji. Shamba lile lina maji katika nchi kavu, na reli haina budi kupita hapo, kwani gari-moshi la mvuke haliendi bila maji. Jambo hilo halikuhitaji mfasiri. Bahi nzima inalijua.

Kisha ikaja sehemu ambayo Jill yumo ndani na jambazi Cheyenne. Anamwambia maneno makali: kwamba akitaka kumwingilia kwa nguvu, yeye na watu wake wote, na wafanye, hakuna mwanamke aliyepata kufa kwa hilo, wakishamaliza, beseni la maji ya moto litamtosha, naye atakuwa yuleyule aliyekuwa kabla. Hayo si maneno ya kukaribisha. Ni maneno ya mtu aliyezingirwa, anayekataa kumpa adui hata ile raha ya kumwona ameogopa. Kijana wetu akayafasiri hivi: "Anasema yeye hana neno, karibu tu." Kibanda kikaangua kicheko.

Mlangoni alikaa mwanamke mmoja akiuza karanga, akichungulia bila kulipa. Aliniona na vitabu vyangu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, huyu mama kasema hivyo kweli?" Ualimu sijausomea, na Kiingereza nimejifunza kwa kamusi, lakini maneno yale niliyaelewa vema. Nikamjibu, "Ndivyo, dada." Niliona haya kuyataja mbele yake, nikaiita haya hiyo heshima.

Wafasiri wana utetezi wao, nao si mdogo. Sanaa yao ni ya kweli. Kapteni Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliijengea jina Dar es Salaam, na wengi wasiojua Kiingereza waliifaidi dunia kwa njia hiyo. Husema picha inakimbia, muda hautoshi, hivyo lazima wakate. Sawa. Lakini katika filamu hiyohiyo steringi ni Charles Bronson, mtu asiyesema karibu kitu, anapuliza kinanda chake cha mdomo tu. Kijana wa Bahi alimtungia hotuba! Alimpa vitisho, mizaha, hata methali. Muda ulipatikana kwa mwanamume aliyenyamaza, ukakosekana kwa mwanamke aliyesema.

Sizisafishi filamu zenyewe. Maneno ya Jill yaliandikwa na wanaume, na karibu na mwisho Cheyenne humwusia awapelekee maji mafundi wa reli, na mmoja akimpapasa ajifanye hakuona kitu. Katika The Searchers ya John Ford, ya mwaka 1956, mwanamke wa Comanche aitwaye Look ananunuliwa kwa makosa na mtu aliyedhani ananunua blanketi; anapigwa teke, anaporomoka mlimani, nasi tunatakiwa tucheke. Baadaye anakutwa ameuawa na askari. Na ile Hatari! ya mwaka 1962, iliyopigwa hapahapa Tanganyika na kupewa jina la Kiswahili, inamleta mpiga picha wa kike kufanya kazi. Filamu ikifika ukingoni ameshakuwa Mama Tembo, mlezi wa ndama na mtafuta mume.

Hao wasemao "enzi zile" wanisikilize hapa. Sauti ya Siti binti Saad ilitiwa katika santuri kule Bombay mwaka 1928, miaka 40 kabla ya filamu ya Leone. Wimbo wake wa Kijiti ulieleza habari ya mwanamke aliyeuawa, muuaji akatoroka, na adhabu ikawaangukia wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Enzi ilikuwa hiyohiyo, au ya nyuma zaidi, na Unguja ilikwisha kujua kwamba dhuluma ni dhuluma.

Wala haikuwa muhali kufasiri kwa uaminifu. Nyerere alipotoa Mabepari wa Venisi mwaka 1969, hakumnyang'anya Portia hoja zake za mahakamani, na Portia ana mengi ya kusema kuliko Jill. Mimi sina ujasiri wa kujilinganisha naye. Nimepata kufasiri shairi ambamo mama anamlaumu mumewe kwa beti tatu, nikazifanya moja, nikajitetea kwa mizani. Mizani haikuwa na kosa. Beti za mume sikuzigusa.

Leo wengi hutazama filamu kama hizo katika simu, na sauti ni ileile: mwanamume mmoja akisema kwa niaba ya bibi harusi, mjane, kahaba na mtoto. Na hii ni nchi ambamo Wagogo, wenyeji wa Bahi, huwaachia wanawake ngoma za muheme; wao ndio wapigaji, na hapana anayewafasiria mdundo.

Nimekwisha kuyaandika kwa Kiswahili maneno yote ya Jill, neno kwa neno, pamoja na yale ya beseni. Yamejaa kurasa chache za daftari. Nimeyapeleka kwa wenye vibanda wawili. Mmoja amekataa, wa pili ameniuliza nani atayasoma. Namtafuta mwanamke wa kuyasoma, na nikimpata tutaanza Bahi.