Gari Lililokufa Bila Maneno

Wahenga walinena kuwa usiache mbachao kwa msala upitao. Mjini Kisumu, wazee wanapokutana na mazungumzo yakaangukia safari za zamani, haichukui muda kabla ya Peugeot 404 na 504 kutajwa kwa sifa tele. Hamu ya aina hii si ya Kisumu pekee. Huko Marekani, wapenzi wa magari ya kale hukutana kila mwaka kuyaenzi magari ya Studebaker, iliyokoma kuyaunda mwaka 1966, ya Oldsmobile iliyofikia kikomo mwaka 2004 na ya Pontiac iliyofuata mwaka 2010. Binadamu hupenda kukikumbuka kilichotoweka, na hapana ubaya katika hilo. Linalostahili kuhojiwa ni jambo moja: kwa nini magari ya kigeni yakumbukwe kwa mapenzi ilhali Nyayo Pioneer, gari lililobuniwa nchini Kenya, likitajwa aghalabu hutajwa kwa kicheko?

Sifa za Peugeot hazikuja bure. Katika mashindano ya Safari Rally, 404 ilishinda mwaka 1963, kisha ikatwaa ushindi mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Mwaka 1963, na tena 1968, ni magari saba tu yaliyomaliza mashindano. 504 nayo ilishinda mwaka 1975 na 1978. Mbali na mashindano, magari hayo yenye safu tatu za viti yaliwabeba wasafiri kutoka Kisumu kwenda Busia, Kakamega, Siaya na hata Nairobi, mizigo ikiwa imefungwa kwa kamba juu ya paa. Magari hayo yaliunganishwa papa hapa Kenya: 404 hadi mwaka 1991, na 504 hadi mwaka 2004.

Hata hivyo, ushindi na uimara havitoshi kueleza mapenzi hayo. Wala utajiri wa mwenye kiwanda hautoshi. Mwaka 1964 kampuni ya Ford ilileta kutoka Marekani kikosi cha magari ya Mercury Comet yenye injini kubwa. Ni mawili tu yaliyofika mwisho, tena nyuma kabisa ya washindi. Mwaka uliofuata mshindi alikuwa Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho na fundi wa magari, akiendesha Volvo iliyokwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Jina la Mercury lilipofutwa na Ford mwaka 2011, ni nani aliyelililia katika ufuo wa Ziwa Viktoria? Gari huenziwa na jamii iliyolishika kwa mikono yake.

Hapo ndipo siri ya Peugeot ilipo. Lilikuwa gari la fundi. Kabureta yake ilifunguliwa kwa spana na bisibisi chini ya mti, na gia yake iliyokuwa kwenye usukani ilirekebishwa na vijana waliojifunza kazi kwa kutazama. Fundi aliweza kuwa Mjaluo, dereva Mluhya, mwenye gari Mkisii na muuza vipuri Mhindi. Penye mkutano wa namna hiyo Kiswahili hakikosi kazi. Rejeta, plagi, klachi na breki zilipata makao katika lugha. Lililo kubwa zaidi ni kwamba gari lilipewa uhai: likakohoa asubuhi ya baridi, likachemka kwenye mlima, likala mafuta kupita kiasi, na injini yake ikafa. Mtu akisema leo kwamba analikumbuka Peugeot, kwa hakika anayakumbuka pia mazungumzo yaliyolizunguka.

Nyayo Pioneer halikuipata bahati hiyo. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Kufikia mwaka 1990 magari matano ya majaribio yalikuwa tayari, na yaliweza kwenda kasi ya kilomita 120 kwa saa. Shirika la Nyayo Motor Corporation likaundwa ili kuyazalisha kwa wingi. Fedha hazikupatikana, mradi ukakwama, na shirika hilo likageuzwa kuwa Numerical Machining Complex. Halikuacha gari lolote barabarani. Wahandisi waliolibuni walifunzwa kwa Kiingereza, na mahesabu yake yakabaki katika lugha hiyo. Hakuna abiria wa Kisumu aliyegombania nauli ndani yake, wala fundi wa Kibuye aliyelala chini yake. Lilikufa bila maneno, na kisicho na maneno hakina matanga.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba lugha haifufui kiwanda. Kilichokosekana kilikuwa mtaji. Ni kweli, na hapana anayedai kwamba kamusi ingelipia mashine. Lakini taifa lililofunga kumbukumbu ya jaribio lake katika mafaili ya wachache hulazimika kuanza upya kila mara. Wengine watadai kwamba lugha ya gereji ni ya kukopa, haistahili kuingia darasani. Hao wakumbushwe neno matatu, lililotokana na nauli ya sarafu tatu za senti kumi. Lilizaliwa barabarani, na leo limo katika kamusi. Tena, gari kukohoa si mkopo. Ni sitiari iliyoundwa na wenye lugha wenyewe, bila kamati wala semina.

Muda nao hausubiri. Leo barabara za Bondo, Siaya na Busia zimetawaliwa na Toyota Probox, na magari mapya zaidi hupimwa kwa kompyuta badala ya kusikilizwa kwa sikio. Mafundi walioijua 404 kwa mlio wake wamezeeka. Kila mmoja wao akiondoka, huondoka na msamiati ambao haujaandikwa popote. Wakati huohuo, tasnifu juu ya tamthilia na riwaya zilezile zinaendelea kurundikana katika maktaba za vyuo.

Mwanafunzi wa Kiswahili wa Maseno hahitaji ufadhili mkubwa ili kufika Kisumu, akaketi na fundi mzee, akamwuliza kila kiungo cha gari kinaitwaje na kila ugonjwa wake huelezwaje. Mhadhiri wake naye hana sababu ya kuukataa utafiti huo kwa hoja kwamba hauna fasihi ndani yake. Siku Wakenya watakapojaribu tena kuunda gari lao, na siku hiyo yaweza kufika, litahitaji mtaji, chuma na soko. Litahitaji pia lugha ambayo mhandisi na fundi wa jua kali wanaweza kuelewana kwayo. Deni hilo la mwisho halimhusu waziri wa fedha. Linawahusu wanaosoma na wanaofundisha Kiswahili.