Mzee Amekosa Nini Hata Asamehewe?

Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania, ya mwaka 2003, humtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na zaidi. Mzee asiye na uwezo hutibiwa bila malipo. Lakini hospitalini husemwa katibiwa kwa "msamaha". Msamaha hupewa mkosaji. Yeye kakosa nini? Kwenye ruzuku za kaya maskini huitwa "mlengwa", kana kwamba ni swala mbele ya mshale.

Mtasema ni istilahi tu. Hasha! Neno humfunza karani namna ya kumtazama aliye mbele yake. Mwomba msamaha huinamisha kichwa. Mwenye haki huuliza. Kiswahili kina "haki", kina "stahiki". Washairi, tudai yaandikwe hayo.