Vijiti ndani ya wali: Mfunze mwanao adabu za mezani kabla hamjaketi

Mtoto wa miaka sita amechoka. Ametembezwa Tokyo tangu asubuhi, na sasa ameketi mgahawani mbele ya bakuli la wali. Vijiti vimemshinda. Anavichomeka vyote viwili wima katikati ya wali, kama mtu anayesimika bendera, kisha anachukua kipande cha kuku kwa mkono.

Katika meza ya jirani, bibi mmoja anageuza uso haraka. Hasemi neno. Baba wa mtoto ni mgeni nchini na hajui kosa ni lipi, lakini uso wa yule bibi umemwambia kwamba kosa lipo. Anamkaripia mtoto kwa sauti. Mtoto anaangua kilio. Mgahawa mzima unanyamaza.

Wazazi wengi waliosafiri na watoto watajiona katika picha hii. Japani ilipokea wageni zaidi ya milioni 36 mwaka 2024, na kwa familia, mtihani wa kwanza wa adabu za nchi hiyo huja mezani, wakati mtoto ana njaa na mzazi amechoka.

Swali kwa mzazi ni hili: katika mgahawa ule, nani aliwasumbua wengine zaidi? Mtoto na vijiti vyake, au baba na sauti yake?

KOSA LENYE SABABU

Vijiti vilivyosimama wima kwenye wali ni ishara ya msiba. Katika mila za Kijapani, mtu akifariki huandaliwa bakuli la wali lenye vijiti vilivyochomekwa hivyo, likawekwa karibu naye. Ni mwiko pia kupokezana chakula kijiti kwa kijiti. Baada ya mwili kuchomwa, ndugu huokota mifupa ya marehemu kwa vijiti na kuiweka katika chombo chake. Anayepokezana kipande cha samaki kwa namna hiyo anawakumbusha walioketi naye siku ya mazishi.

Mtoto akielezwa sababu hiyo kwa upole, hatasahau. Akiambiwa tu "acha!", atarudia kesho, kwa sababu hajui alichoacha.

Asipovitumia, vijiti hulazwa juu ya kihimili kidogo kilichopo mezani. Havitumiki kumnyooshea mtu, kuvutia bakuli wala kuchokoachokoa chakula kutafuta kipande kizuri.

Lakini mzazi asiingie mgahawani na hofu kubwa. Yapo mambo ambayo nyumbani yangeitwa utovu wa adabu, na pale ni kawaida. Kuvuta tambi kwa mvumo si aibu. Kuinua bakuli dogo la wali au la supu hadi karibu na mdomo ndiyo namna inayotakiwa. Sushi huliwa hata kwa mkono, basi mtoto aliyeshindwa vijiti ana pa kukimbilia. Na migahawa mingi inayopokea familia ina uma na vijiko vya watoto. Kuomba uma hakumpunguzii mtu heshima.

KUANZIA MLANGONI

Mgeni akifungua mlango, wahudumu hupaza sauti kwa pamoja: "Irasshaimase!" Mtoto mdogo anaweza kushtuka akadhani amegombezwa. Mwambie mapema kwamba hiyo ni karibu yao, na haihitaji jibu. Kuinamisha kichwa kidogo kunatosha.

Kisha subirini. Mhudumu atauliza mko wangapi, nanyi mtaonyesha kwa vidole. Kujitafutia meza bila kuonyeshwa si desturi katika migahawa mingi.

Katika sehemu zenye mikeka ya tatami, viatu huvuliwa na kuachwa mahali pake. Hapo ndipo soksi iliyotoboka humuumbua mtu, basi kagua za watoto kabla ya kutoka hotelini. Ukikuta ndala mlangoni mwa choo, hizo ni za chooni peke yake. Wageni wengi husahau na kurudi nazo hadi mezani, na huo ni mchezo mzuri wa kumpa mtoto: yeye ndiye awe mlinzi wa ndala.

Migahawa mingi huweka dirishani sanamu za vyakula zilizotengenezwa kwa plastiki, zinazofanana kabisa na chakula chenyewe. Kwa familia isiyosoma Kijapani ni msaada mkubwa. Mtoto anachagua kwa macho, mzazi anajua bei kabla ya kuketi. Penye mashine ya tiketi, hasa migahawa midogo ya tambi, mteja hulipa kwanza, kisha humpa mhudumu tiketi yake.

Vilevile jua kwamba si kila mlango ni wa watoto. Migahawa midogo yenye kaunta ya watu wanane au kumi mara nyingi haikufikiria mtoto mdogo, na mingine husema wazi kwamba haiwapokei. Migahawa ya familia na ile ya sushi inayozunguka kwenye mkanda huwakaribisha, na huko mtoto akimwaga maji hakuna atakayeshangaa. Mzazi anayemlazimisha mtoto wa miaka mitatu kukaa saa mbili kwenye kaunta ya kimyakimya ametafuta ugomvi mwenyewe.

MKIWA MEZANI

Kitambaa chenye unyevu kinacholetwa mwanzoni ni cha kufutia mikono, si uso. Maji au chai huletwa bila malipo katika migahawa mingi ya kawaida. Ukimhitaji mhudumu, sema "sumimasen" kwa sauti ya kusikika, neno lenye maana ya samahani. Katika migahawa ya familia mara nyingi kuna kitufe mezani. Mtoto atataka kukibonyeza kila dakika, basi patana naye: atabonyeza mara moja, mkishaamua wote mnachokula.

Katika baa za chakula ziitwazo izakaya, huletwa kibakuli cha kitafunio ambacho hukukiagiza, nacho huonekana kwenye bili. Wageni wengi hudhani wameibiwa, wakaanza kubishana mbele ya watoto. Si wizi. Ni malipo ya kuketi, na ni desturi ya miaka mingi.

Kabla ya kula, Wajapani huunganisha viganja na kusema "itadakimasu", yaani napokea kwa unyenyekevu. Wakimaliza husema "gochisosama", shukrani kwa chakula na kwa waliokiandaa. Mtoto aliyezoea kusema Bismillahi au kuomba kabla ya kula hataona jambo geni hapo. Akilitamka neno hilo hata kwa kukosea, wahudumu wengi watatabasamu.

Kubakiza chakula kingi hakupendezi. Wana neno "mottainai", linalobeba masikitiko ya kitu kizuri kupotea bure. Hayati Wangari Maathai wa Kenya, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004, alilisikia neno hilo alipozuru Japani mwaka 2005, akalipenda na kulitangaza katika kampeni zake za mazingira duniani. Usitegemee kufungiwa mabaki uondoke nayo, kwani migahawa mingi huhofia chakula kuharibika njiani. Agiza kidogo, kisha ongeza.

Familia za Kiislamu ziulize kabla ya kuagiza. Mchuzi wa tambi za rameni mara nyingi hutokana na mifupa ya nguruwe, na pombe ya mchele hutiwa katika michuzi mingi ambayo kwa macho haionyeshi kitu. Miji kama Tokyo, Osaka na Kyoto ina migahawa ya halali, na ni vyema kuitafuta kabla njaa haijaanza kusema.

Wakati wa kulipa, bili hupelekwa kaunta karibu na mlango. Fedha huwekwa kwenye kisahani kilichopo pale, haiwekwi mkononi mwa mhudumu. Bakshishi haitolewi. Mgeni akiacha noti mezani, mhudumu anaweza kumkimbilia hadi barabarani amrudishie, akidhani ameisahau.

WATOTO WAO HUJIFUNZIA WAPI?

Wageni huwatazama watoto wa Kijapani waliotulia mezani wakadhani wamezaliwa hivyo. Hawakuzaliwa hivyo. Wamefundishwa, na darasa lao kubwa ni chakula cha mchana shuleni.

Katika shule za msingi, watoto huingia zamu ya kugawa chakula. Wa zamu huvaa koti jeupe, kofia na barakoa, huleta vyakula darasani na kuwapakulia wenzao. Hakuna anayeanza hadi wote wawe wamepata. Mwalimu hula nao mle mle darasani. Husema "itadakimasu" kwa pamoja, na baada ya kula hukusanya vyombo wenyewe. Sheria ya chakula cha shuleni ilipitishwa mwaka 1954, na mwaka 2005 ikaja sheria nyingine ya elimu ya chakula, inayotaka mtoto ajue anachokula kinatoka wapi na kinaliwaje.

Mtoto wa miaka saba aliyebeba sufuria la supu kwa ajili ya darasa zima haelezwi sana maana ya kumjali mwenzake. Ameibeba mikononi.

Hata hivyo, hakuna nchi ya malaika. Mwanzoni mwa mwaka 2023, video ya kijana mmoja wa Kijapani ilisambaa mitandaoni. Alikuwa katika mgahawa wa sushi ya mkanda, akilamba mdomo wa chupa ya mchuzi wa soya iliyowekwa kwa wateja wote, kisha akagusa kwa kidole chenye mate chakula kilichokuwa kikipita. Hasira ilikuwa kubwa. Kampuni yenye mgahawa ilimfungulia kesi ya kudai fidia ya mamilioni ya yen, na baadaye pande hizo mbili zikapatana.

Kisa hicho kiwe somo kwa mzazi yeyote, hata asiyewaza kupanda ndege. Mgeni anayekosea vijiti husamehewa, kwa sababu hakujua. Kijana yule hakusamehewa kirahisi kwa sababu alijua, na alichezea kitu cha watu wote ili achekwe na marafiki. Ukizitazama vizuri adabu zote hizi, za ndala, za kisahani cha fedha, za kitufe, utaona zinarudi kwenye jambo moja: usimharibie mwenzako chakula chake.

MZAZI AFANYE NINI?

Kwanza, zoezi lianzie nyumbani. Wiki moja kabla ya safari, leteni vijiti mezani, kila mtu ajaribu, mcheke pamoja. Mtoto aliyecheka nyumbani hatalia ugenini.

Pili, usimpe mtoto makatazo ishirini. Matatu yanatosha: vijiti havisimami kwenye wali, hatupigi kelele, na sahani ikishatolewa kwenye mkanda wa sushi hairudishwi. Mengine atayaona kwako.

Tatu, mlishe mapema. Mtoto aliyefikishwa mezani saa tatu usiku akiwa na njaa hana adabu ya nchi yoyote.

Nne, weka simu yako pembeni. Kuongea na simu kwa sauti mgahawani huwaudhi Wajapani, na mtoto hawezi kuelewa kwa nini yeye anyamaze wakati mama anapiga gumzo.

Tano, akikosea, rekebisha kwa mkono, si kwa mdomo. Turudi kwa yule baba wa Tokyo. Angeweza kuvitoa vijiti taratibu, akavilaza mahali pake, akamwinamia yule bibi kidogo na kusema "sumimasen". Kisha angemnong'oneza mwanawe: "Hapa hatuvisimamishi, nitakwambia sababu tukitoka." Jambo lingekwisha kwa muda mfupi kuliko ule alioutumia kukaripia, na mtoto angebaki na hamu ya kula.

Na kama mtoto bado anatamani kusimika kitu kwenye wali wake, wamo waliomfikiria. Mwaka 1930, duka kubwa la Mitsukoshi mjini Tokyo lilianza kuuza sahani maalumu ya watoto, yenye kilima kidogo cha wali na kibendera juu yake. Hadi leo mlo wa namna hiyo hupatikana katika migahawa mingi ya familia. Bendera inaruhusiwa. Mwagizie hiyo.